Mafuta ya Breki Niliyochanganya Mwenyewe

Mume wangu alikuwa akisema gari yake ilizaliwa kwa ajili ya mbio. Mimi niliona ilizaliwa kwa ajili ya kulala Kadutu kwa fundi. Ilikuwa na milango miwili tu, pua ndefu, kabureta mbili zilizokunywa esansi, yaani petroli, bila huruma, na tumbo la chini mno, kiasi kwamba hapakuwa na jiwe Bukavu ambalo halijaligonga. Mgiriki mmoja muuza vitambaa aliiacha siku zile serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuyagawia wananchi, na kwa njia ambayo sikuelezwa ikaangukia kwetu, ikiwa imeshazeeka. Lakini mtu aliyevaa abakosti, koti la heshima lisilo na tai, iliyopigwa pasi, kiwiko nje ya dirisha, akipita mtaa wa Nyawera polepole ili aonekane, nani angemuuliza gari yake ina miaka mingapi?

Alikuwa mkaguzi wa kilimo. Kazi ilimpeleka barabara ya ziwa, Kalehe hadi Minova, kuangalia miche ya kahawa na kuandika ripoti ambazo sidhani kama kuna mtu alizisoma. Minova ndiko pia alikokuwa na mwanamke, muuza maharagwe. Siku hizo mjini watu waliita jambo hilo ofisi ya pili, na walilitaja huku wakicheka, hata mbele ya wake zao. Mimi nilijua, nikajifanya hamnazo. Nilikuwa na mabinti wawili, kazi ya kufundisha kemia kwenye lise, sekondari ya wasichana ya masista, na ndoa ya kanisani iliyosimamiwa na mapadre watatu. Nilijiambia kwamba ndoa yenye mapadre watatu haitikiswi na muuza maharagwe.

Mama mkwe ndiye aliyeniletea habari ya mtoto. Alikuja kutoka Kalehe na mkungu wa ndizi, akaketi, akanywa chai yake yote, ndipo akasema: “Ule wa Minova amezala. Mutoto mwanaume. Miye niliona muzuri usikie kwangu, si kwa batu ya inje.”

Nilimshukuru. Nikamuuliza kama chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Kisha nikaenda mezani kusahihisha madaftari ya darasa la tano, na nakumbuka kwamba sikukosea hata jumla moja. Mimi si mtu mpole. Shuleni wasichana walinipa jina ambalo sitaliandika hapa, na niliwahi kumtoa inspekta darasani kwangu kwa sababu alikuwa akipiga mluzi. Kwa hiyo niliingoja hasira yangu. Niliingoja siku tatu, wiki, wiki mbili, haikuja. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilikuwa ya mwili mzima. Nilipika, nilifundisha, nilisuka nywele za watoto, na usingizi niliupata bila shida, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu kidogo.

Wiki hizo hizo breki zikaanza kufa. Kwanza gari ilivuta kushoto kila iliposimamishwa. Kisha pedali ikawa laini, mtu anaikanyaga na mguu unazama. Mwishowe, mchana mmoja akishuka kuelekea kwenye kathedrali, alikanyaga na gari ikaendelea na safari yake. Lundo la mchanga wa waashi ndilo lililoisimamisha. Alirudi nyumbani kwa miguu, suruali imejaa vumbi, akaketi barazani.

“Hii gari itaniua siku moja,” alisema.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikafikiri: inawezekana. Wazo lilipita hivyo tu, bila moto wowote, nami nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Fundi wetu alikuwa mzee mwembamba aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji ya Mbelgiji. Gereji ilipopewa mtu wa chama, mtu huyo aliuza vipuri vyote, kisha akauza na milango. Fundi akabeba vifaa vyake nyumbani Kadutu na kuendelea na kazi uani, chini ya mabati manne. Hakuwa mtu wa maneno. Aliizunguka gari, akaingia chini yake, akatoka, akajifuta mikono.

“Si kutengeneza, citoyen. Ni kubadilisha,” alimwambia mume wangu, akimwita citoyen, raia, kama serikali ilivyotaka siku hizo. “Hapa hakuna kitu ya kuponyesha.”

Kazi ilichukua karibu mwezi. Kwa kuwa gari ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka, ilikuwa na breki za sahani kwenye magurudumu yote manne: sahani ya chuma inazunguka na gurudumu, na vipande viwili vinaibana kutoka pande mbili. Sahani zilikuwa zimechimbika mifereji. Fundi alizipeleka shule ya ufundi, zikakwanguliwa kwa mashine hadi zikang'aa. Pistoni zinazosukuma vile vipande zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizitoa kwa pampu ya baiskeli, moja baada ya nyingine, akazisugua kwa majivu laini mpaka kucha zake zikawa nyeupe. Pampu kuu, ile inayokaa chini ya boneti na kupokea nguvu ya mguu, haikufaa tena. Badala yake alifunga ya kamioneti, lori dogo, ya misheni iliyokuwa imekufa injini. Mipira midogo, mabomba laini na vipande vipya vya kubana vilitoka Bujumbura ndani ya begi la rafiki wa mume wangu.

Kilichokosekana ni mafuta yenyewe ya breki. Rafiki alikuwa amenunua kopo moja la bati, lakini lilibaki mpakani kwa askari aliyesema ni kitu cha hatari. Rafiki akaahidi kuleta lingine baada ya wiki tatu au nne. Mjini Bukavu hapakuwa na tone. Wapo waliotia maji ya sabuni, na wengi wao tuliwaona kwenye mitaro.

“Zamani kama likidi ilikosekana, tulichanganyaka siye benyewe,” fundi alisema. “Huile de ricin na alcool. Ricin inapaka, alcool inafanya iwe nyepesi.” Akanigeukia. “Maman profesere, kwenu kwa masista alcool haikosekane?”

Mume wangu akacheka kwa fahari. “Bibi yangu? Huyu umuombe hata baruti, atakuletea.”

Tulikubaliana watatu pale uani kwamba hiyo itakuwa ya kungojea. Gari itazunguka mjini tu hadi bati la kweli lifike. Naliandika hili kwa sababu nimejikinga nalo miaka mingi.

Mafuta ya mbarika, ambayo ndiyo huile de ricin, nilipewa na sista wa zahanati. Yeye aliyatumia kwa watoto waliofunga choo. Nilipomwomba lita nzima alilitazama tumbo langu kwa huruma, akanipa bila kuuliza.

Alkoholi nilikuwa nazo mbili. Ya kawaida, ile ya kusafishia vidonda na kuwashia taa za maabara, ilikaa kwenye dumu karibu na mlango. Ya pili ilikaa rafu ya juu, katika chupa ya kahawia iliyoachwa na mwalimu mzungu aliyenitangulia. Jina lake refu halina haja hapa. Tofauti yake ndiyo yenye maana. Ya kawaida huchemka kabla maji hayajachemka. Ile ya chupa ya kahawia inangoja mpaka maji yote yaishe kwa mvuke ndipo ianze. Na kwenye breki hapo ndipo penye kufa na kupona. Dereva akizishika breki kwenye mteremko mrefu, chuma kinapata moto, moto unaingia kwenye mafuta, na mafuta yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Mguu unasukuma mvuke hadi sakafuni na gurudumu halina habari. Hayo nilikuwa nikiyafundisha kila mwaka, kwa mfano wa bomba la sindano la daktari.

Nilisimama mbele ya rafu. Mtu angeniuliza, ningemjibu kwamba chupa ya kahawia nimewawekea wasichana wa darasa la sita, maana ikichanganywa na asidi ya siki na kupashwa moto inatoa harufu ya matunda, na ndilo somo pekee la mwaka ambalo hata wavivu walilipenda. Ni kweli. Ningemjibu pia kwamba gari ni ya mjini tu. Ni kweli pia. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Nilichukua dumu la karibu na mlango. Sikuwa na chuki moyoni. Nimeitafuta chuki hiyo miaka yote, kwa sababu ingenirahisishia mambo, na sijaipata. Mkono ulikwenda tu.

Mchanganyiko ulitoka safi, wa rangi ya chai nyepesi. Nilitia kidogo kwenye kioo cha majaribio nikakishika juu ya moto, maana ndivyo ninavyowaambia wanafunzi: kabla ya kutumia, jaribu. Kikatoa mapovu mapema sana. Nikazima moto, nikajaza chupa mbili za bia, nikazifunga na kuzitia kwenye kapu.

Alhamisi alasiri nilizipeleka Kadutu mwenyewe. Mume wangu alikuwa kazini, na kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja chini ya gurudumu anafungua na kufunga kitundu cha hewa, mwingine ndani anakanyaga. Fundi aliniomba niingie. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti cha dereva cha gari ile. Nilivua viatu. Kiti kilikuwa kimechukua umbo la mume wangu, na nilitelemka ndani yake kama mtoto.

“Kanyaga,” fundi alisema kutoka chini. “Shikilia.” Nikasikia mafuta yakitirika kwenye kopo, pamoja na hewa iliyotoa sauti ya mate. “Achia.”

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Kila mara pedali ilizidi kuwa ngumu chini ya wayo wangu. Harufu ya alkoholi ilijaa ua mzima, jirani mmoja akachungulia kuona nani analewa mchana.

“Maman profesere,” fundi akauliza akiwa chini ya gurudumu la mwisho, “hii inavumiliaka moto?”

Nilikuwa nimeshikilia pedali.

“Inavumilia,” nikasema.

“Basi achia.”

Nikaachia.

Ijumaa na Jumamosi gari ilikwenda vizuri kuliko siku zote tulizokuwa nayo. Ilisimama sawa, bila kuvuta, na mume wangu aliipandisha na kuishusha milima ya mji kwa furaha ya kijana. Mjini miteremko ni mifupi. Chuma hakipati nafasi ya kushika moto. Alimwambia kila mtu aliyekutana naye kwamba breki hizo zimetengenezwa na mke wake. Jumamosi jioni aliniletea kitenge. Nilikipokea, nikakikunja, nikakiweka kabatini.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, akatangaza kwamba anakwenda Minova. Mama mkwe, aliyekuwa kwetu tangu katikati ya wiki, alikuwa ameshafunga kitenge chake kizuri, walikuwa wameshapanga.

“Fundi alisema mjini tu,” nilimkumbusha.

“Fundi ni muoga. Si weye ulitengeneza? Niogope nini?”

Niliijua barabara ile. Baada ya Kalehe inapanda milimani, inazunguka huko muda mrefu, kisha inateremka hadi Minova, mteremko wa kona baada ya kona. Ningeweza kusema hapo hapo. Lakini kusema neno moja kungeleta la pili: kwa nini hukutumia ile nyingine? Nami sikuwa na jibu, hata la uongo. Nikaendelea kuosha vikombe. Ndivyo nilivyokuwa: ningewaacha watu wawili waondoke, nioshe vikombe.

Ndipo mama mkwe akasema, “Tubebe na babinti. Bamuone ndugu yabo.”

“Hapana,” nikasema.

Nililisema haraka na kwa sauti kubwa, wote wakanitazama. Mabinti walikuwa mlangoni, wameshavaa viatu. Hapo ndipo nilipojua nilichofanya Alhamisi. Sikujua kwenye rafu, sikujua kwenye pedali. Nilijua nilipoona soksi nyeupe za watoto wangu. Mama mkwe akainamisha kichwa. Alidhani ni wivu, na sikumlaumu.

“Wao wabaki kwa jirani,” nikasema. “Nitaenda mimi.”

Mume wangu alifungua mlango, akakunja kiti cha mbele, nami nikajipenyeza nyuma, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mikoba. Sikwenda kwa sababu nilimpenda, wala kwa sababu nilijuta. Yote mawili yalikuwa mbali. Nilifikiri kwamba mtu aliyefanya jambo hilo anapaswa kuwa ndani ya gari. Ilikuwa hesabu tu.

Njia nzima hadi Kalehe mama mkwe alisali rozari, kama alivyofanya kila alipopanda gari ya mwanawe. Ziwa lilikuwa kulia kwetu, nami niliangalia shingo ya mume wangu. Juu milimani baridi iliingia. Kisha barabara ikaanza kuinama.

“Teremka na deuxième,” nikamwambia, yaani gia ya pili. “Injini ishike gari. Usitumie breki sana.”

Akacheka. “Mama watoto, umeanza na kunifundisha kushika volani?”

“Deuxième, papa.”

“Umuache mwanaume aendeshe,” mama mkwe akasema kwa upole, bila kugeuka.

Akaendesha. Kona ya kwanza breki zilishika, ya pili zikashika, ya tatu zikashika. Nilikuwa nahesabu. Nikaanza kusikia harufu ya mbarika ya moto, nzito, ya jikoni. Kwenye kona ya saba au ya nane bega lake la kulia lilishuka kidogo, kwa kuwa mguu ulikuwa umekwenda mbali kuliko alivyotarajia. Alipampu. Mara mbili, mara tatu. Masikio yake yalibadilika rangi.

“Deuxième,” nikasema tena. “Sasa. Halafu première. Vuta breki ya mkono polepole.”

Alitii kila neno. Injini ililia vibaya mno, gari ikayumba, mama mkwe akaiacha rozari na kushika mlango kwa mikono miwili. Upande wa kulia palikuwa na hewa tupu, na chini kabisa mabati ya watu. Upande wa kushoto palikuwa na ukingo wa udongo mwekundu. Alilaza gari kwenye ukingo huo, tukaukwangua mita nyingi, taa moja ikavunjika, tukasimama katikati ya maharagwe ya mtu. Vumbi lilitufunika. Hakuna aliyeumia.

Niliogopa? Watu huuliza hivyo kila hadithi hii inaposimuliwa, maana inasimuliwa, ingawa si yote. Sikuogopa. Niliona kila kitu kwa usafi mkubwa, kama jaribio linalotoka sawa na kitabu.

“Kuna hewa ndani,” mume wangu alisema alipopata sauti. Alikuwa amekaa juu ya jiwe. “Ule muzee alibakisha hewa. Angetuua.”

“Tungoje ipoe,” nikasema.

Tulingoja hadi mwenye shamba alipokuja, akatukaripia kwa ajili ya maharagwe yake, akatuonea huruma, akaleta maji. Nilijua kwamba chuma kikipoa mvuke utarudi kuwa mafuta. Baada ya karibu saa moja nilimwambia ajaribu. Akakanyaga, na pedali ilikuwa imerudi juu, ngumu, kama kwamba hakuna kilichotokea. Mama mkwe akapiga ishara ya msalaba. Mume wangu akanigeukia.

“Kama haungekuya leo,” akasema, akawasha injini.

Tulimalizia mteremko kwa gia ya kwanza, mwendo wa mbuzi.

Mwanamke wa Minova alikuwa akipepeta maharagwe mbele ya nyumba. Niliwahi kumfikiria mrembo. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye miguu mikubwa na macho ya uchovu ya mama mwenye mtoto mchanga. Aliponiona nikitoka nyuma ya gari, nimejaa vumbi jekundu, ungo ulimponyoka. Hakukimbia. Aliingia ndani akatoa kiti chenye mgongo, kimoja tu alichokuwa nacho, akakipangusa kwa kitenge chake na kuniwekea mimi. Mama mkwe alikalia mkeka.

Akapika samaki wa ziwa, maharagwe na ugali wa muhogo. Kwetu anayekukaribisha huonja kwanza, mbele ya macho yako. Watu wa huku huogopa kutiwa sumu kuliko wanavyoogopa askari, kwa hiyo kuonja ndiyo adabu. Lakini kwa kawaida mtu huonja kidogo, haraka, akaendelea na mazungumzo. Yeye alipiga magoti mbele yangu. Akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi, akala, akameza, akangoja. Akala samaki. Akala maharagwe. Akanywa maji kwenye kikombe changu. Kila mara alinitazama ili nione koo lake likishuka.

“Kula, yaya,” akaniambia, kwa neno tunalotumia kwa dada mkubwa. “Hakuna kitu.”

Nilihisi mikono yangu bado inanuka mbarika. Nikanawa, nikala.

Mke akishakula nyumbani kwa mwenzake, watu hawaulizi tena kama amemkubali. Mama mkwe alilia pale pale, akaniwekea mtoto mapajani. Habari ilifika Kalehe kabla yetu, na Bukavu siku mbili baadaye: kwamba mwalimu wa kemia, mwenye hasira zake zote, alipanda gari mwenyewe, akaokoa watu njiani, akaenda kula kwa mke mdogo na kumbeba mtoto. Padre alinipongeza kwa sauti ya chini baada ya misa. Mume wangu akawa mpole kwangu kwa namna iliyonichosha.

Gari aliiondoa kwa fundi, na Kadutu nzima ikasikia kwamba mzee yule anaacha hewa kwenye breki. Bati la kweli lilipofika kutoka Bujumbura, fundi mwingine ndiye aliyelitia. Siku chache baadaye mzee alinisubiri kwenye lango la shule, kofia mkononi.

“Maman profesere,” akasema, “hewa sikuacha.”

“Najua,” nikamjibu.

Alingoja niongeze neno. Wasichana walikuwa wakitoka, wananisalimu mmoja mmoja, nami niliwaitikia mmoja mmoja. Alipoona siongezi, akavaa kofia yake na kushuka zake. Hilo nalijutia kuliko yote, na siku hiyo sikusikia uchungu wake hata kidogo.

Ganzi ilikaa karibu mwaka mzima. Iliondoka mchana mmoja wa Jumamosi, mwanamke wa Minova alipokuja Bukavu kumpeleka mtoto kwa daktari wa macho. Hakuwa na ndugu mjini, kwa hiyo alikuja kwangu. Nilipika sombe, majani ya muhogo, na samaki, nikaweka mezani, nikamwambia angoje kidogo. Nilirudi jikoni kutafuta kijiko. Nilitaka kuonja mbele yake kama alivyoonja mbele yangu: polepole, kila chungu, aone koo langu. Nilikuwa nimelifikiria tangu asubuhi. Nilipotoka na kijiko mkononi, alikuwa ameshakula nusu ya sahani bila kungoja nionje, na mtoto alikuwa mapajani mwake, mashavu yamejaa, akitafuna chakula changu.

Nilikaa chini, nikalia kwa sauti, mbele ya watoto, mpaka nikakosa pumzi. Yeye alidhani nalia kwa wivu wa bwana wetu. Akanawa mikono, akaja kukaa karibu nami, akaninyamazisha.